Uandaaji wa DVD ya video

Uandaaji wa DVD ya video ni kazi ya kugeuza video zilizopigwa nyumbani au kwenye sherehe kuwa diski inayoweza kuchezwa na deki ya DVD iliyounganishwa na televisheni. Kazi hiyo hufanywa kwenye kompyuta kwa programu maalumu. Programu hizo huchukua video iliyokwisha kuhaririwa, huibana kwa mtindo wa MPEG-2, huigawa katika sura, huitengenezea menyu na hatimaye huandika kila kitu kwenye diski kwa mpangilio ambao deki inautambua.

Watu wengi huchanganya kazi hii na kunakili faili. Mtu akichukua video ya simu na kuinakili kwenye DVD tupu, anapata diski ya data: kompyuta itaisoma, lakini deki nyingi, hasa za zamani, zitaikataa. DVD ya video haikubali faili la aina yoyote tu. Ina masharti makali kuhusu ukubwa wa picha, idadi ya fremu, aina ya sauti na hata majina ya mafaili. Masharti hayo ndiyo yanayowezesha diski iliyochomwa Mwanza kuchezwa Maskati bila mtu kuuliza deki ni ya kampuni gani.

Historia

Muundo wa DVD ulitokana na mapatano ya mwaka 1995 kati ya makampuni makubwa ya elektroniki, yakiwemo Toshiba, Philips na Sony. Deki za kwanza ziliuzwa Japani mwezi Novemba 1996, na Marekani mwaka uliofuata. Katika miaka hiyo ya mwanzo utengenezaji wa DVD ulikuwa kazi ya studio zenye mitambo ya gharama kubwa. Familia iliyotaka kumbukumbu ya harusi iliendelea kupewa kanda ya VHS.

Hali ilibadilika mwaka 2001, kampuni ya Apple ilipotoa kompyuta ya Power Mac G4 yenye kiendeshi cha kuchoma DVD pamoja na programu ya iDVD. Baadaye zikaenea programu nyingine kama Ulead DVD MovieFactory, Nero na Adobe Encore. Microsoft iliweka Windows DVD Maker katika baadhi ya matoleo ya Windows Vista na Windows 7, kisha ikaiondoa kwenye Windows 8. Mwaka 2011 Apple nayo iliacha kuweka iDVD kwenye kompyuta zake mpya. Upande wa programu huria kuna dvdauthor, inayoendeshwa kwa kuandika amri, na DVDStyler, yenye madirisha na vitufe, ambayo hufanya kazi kwenye Linux, Windows na Mac.

Kompyuta nyingi mpya hazina tena kiendeshi cha DVD, lakini kazi hii haijafa. Sababu mojawapo ni kanda za zamani. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016. Tangu hapo kila deki ya VHS inayoharibika ni moja iliyopungua, na kanda za kipaimara, maulidi, mahafali na harusi zilizopigwa miaka ya 1980 na 1990 zinasubiri kuhamishwa kabla deki hazijaisha au kanda zenyewe hazijaoza.

Kilichomo ndani ya diski

DVD ya video iliyokamilika ina folda inayoitwa VIDEO_TS. Ndani yake kuna mafaili ya aina tatu. Mafaili ya VOB hubeba picha, sauti na maandishi ya tafsiri. Kila moja halizidi gigabaiti 1, ndiyo maana filamu ndefu huonekana imekatwa vipandevipande. Mafaili ya IFO ni kama ramani: huieleza deki sura inaanzia wapi na kitufe fulani cha menyu kinapeleka wapi. Mafaili ya BUP ni nakala za akiba za IFO, endapo diski itakwaruzwa mahali pabaya. Diski nyingi huwa pia na folda ya AUDIO_TS, ambayo kwa kawaida ni tupu. Wanaoanza huona kama kuna kitu kimepotea, lakini hakuna.

Picha hufuata mojawapo ya mifumo miwili ya televisheni. PAL, unaotumika Tanzania, Kenya, Omani na sehemu kubwa ya Ulaya, una picha ya nukta 720 kwa 576 na fremu 25 kwa sekunde. NTSC, unaotumika Marekani, Kanada na Japani, una nukta 720 kwa 480 na fremu 29.97 kwa sekunde. Programu huuliza swali hili mwanzoni kabisa, na wengi hulipita bila kulisoma. Jibu lake hutegemea deki ya mtazamaji. Deki zinazouzwa katika nchi za PAL kwa kawaida hucheza NTSC pia, lakini deki nyingi zilizouzwa Marekani hazichezi PAL. Anayemtumia ndugu yake aliyeko Chicago DVD ya harusi iliyofanyika Tanga anapaswa kumwandalia nakala ya NTSC, la sivyo ndugu huyo ataona kioo cheusi.

Suala la kanda za dunia ni jingine. Filamu za kibiashara hufungiwa kwa namba ya eneo, na sehemu kubwa ya Afrika imo katika eneo la 5. Diski ya nyumbani haina haja ya kufungiwa. Programu nyingi huiacha wazi kwa maeneo yote.

Kunasa video kutoka kwenye kanda

Kanda ya dijiti ya MiniDV huhamishwa kwa waya wa FireWire, na kinachoingia kwenye kompyuta ni nakala ya data ileile iliyokuwa kwenye kanda. Saa 1 huchukua takriban gigabaiti 13. Kanda za analojia, yaani VHS, Video8 na Hi8, zinahitaji kifaa cha kugeuza mawimbi kuwa tarakimu. Deki huunganishwa na kifaa hicho kwa waya wa njano wa picha na waya mwekundu na mweupe za sauti. Kama deki ina tundu la S-Video, ni bora kulitumia kuliko waya wa njano.

Hakuna njia ya mkato hapa: kanda ya saa 3 hunaswa kwa saa 3. Kabla ya kuicheza, kanda iliyokaa miaka mingi izungushwe hadi mwisho na kurudishwa mwanzo ili utepe ulegee na kujipanga upya. Kanda iliyokaa mahali penye unyevu, jambo la kawaida katika nyumba za pwani, huweza kuota ukungu mweupe kwenye kingo za utepe. Ukungu ukionekana, kanda isiingizwe kwenye deki: vumbi lake huchafua vichwa vya kusomea na kuhamia kwenye kanda inayofuata.

Picha ya VHS ikionekana kwenye kompyuta huwa na utepe wa mistari inayochezacheza chini kabisa. Mistari hiyo ilikuwepo tangu zamani, ila televisheni za kioo kinene zilikuwa zikificha kingo za picha. Programu ya kuhariri inaweza kuifunika kwa ukanda mweusi.

Tatizo linalowasumbua wengi zaidi ni mpangilio wa nusu-fremu. Video ya televisheni ya kawaida haikupigwa fremu nzima kwa mara moja. Kila fremu ina nusu mbili, moja yenye mistari witiri na nyingine yenye mistari shufwa, na nusu hizo zilinaswa kwa nyakati mbili tofauti. PAL kwa hiyo ina nusu-fremu 50 kwa sekunde. Kanda za DV huanza na nusu ya mistari ya chini. Vifaa vingi vya kunasa analojia huanza na ya juu. Programu ikiambiwa kinyume, vitu vinavyotembea huonekana vikienda mbele na kurudi nyuma kidogo, mara 25 kila sekunde. Kwenye kioo cha kompyuta kosa hili mara nyingi halionekani, kwa kuwa kichezeshi huunganisha nusu hizo chenyewe. Huonekana siku diski inapowekwa kwenye deki ya sebuleni, tena mbele ya wageni. Njia ya kulikwepa ni kuandaa kwanza sehemu ya dakika 1 yenye watu wanaocheza ngoma au magari yanayopita, kuichoma kwenye diski ya kufutika na kuitazama kwenye televisheni.

Kuhariri

Uhariri hufanywa kabla ya kuandaa DVD, kwenye programu ya kuhariri, wakati video ingali katika ubora wake wa awali. Sababu imo katika jinsi MPEG-2 inavyobana picha. Ndani ya mfululizo wa fremu, chache tu huhifadhiwa kamili. Zilizobaki huhifadhi tofauti kati yao na fremu za jirani. Katika DVD ya PAL umbali kati ya fremu kamili moja na nyingine hauzidi fremu 15. Ukikata katikati, fremu zilizotegemea jirani aliyeondolewa hazina pa kusimamia, hivyo ni lazima sehemu hiyo ibanwe upya na kupoteza ubora kwa mara ya pili. Ndiyo maana pia alama ya sura iliyowekwa kwa mkono wakati mwingine husogea kwa zaidi ya nusu sekunde: sura lazima ianzie kwenye fremu kamili.

Video za simu zina matatizo yake. Simu nyingi hupiga takriban fremu 30 kwa sekunde, na idadi hiyo hupanda na kushuka kulingana na mwanga. Zikiingizwa moja kwa moja, sauti huachana na midomo taratibu, na mwisho wa hotuba ya mjomba tofauti hufika sekunde nzima. Kinachosaidia ni kuzigeuza kwanza kuwa na idadi thabiti ya fremu kwa programu kama FFmpeg au HandBrake. Video iliyopigwa simu ikiwa wima hubaki na pande mbili nyeusi; kuivuta ijaze kioo ni kukata vichwa vya watu.

Nini kikatwe ni uamuzi mgumu kuliko haya yote. Foleni ya zawadi ya dakika 40 huwachosha watazamaji, na kwa diski ya kugawia wageni inafaa ibaki dakika 5. Lakini foleni hiyohiyo ndiyo mahali pekee ambapo kila shangazi na kila jirani alipita mbele ya kamera. Baada ya miaka 15 familia haitafuti tena keki, inatafuta sura ya mtu aliyefariki. Kwa hiyo mkato ufanywe kwenye mstari wa muda wa programu, ambako faili la awali haliguswi, na faili hilo lisifutwe DVD inapokamilika.

Hesabu ya nafasi

Diski ya kawaida ya tabaka moja hubeba baiti bilioni 4.7. Kompyuta zinazohesabu kwa 1024 huonyesha kiasi hichohicho kuwa 4.38, na hapo ndipo malalamiko ya kuibiwa nafasi yanapotoka. Diski ya tabaka mbili hubeba baiti bilioni 8.5.

Ubora wa picha hutegemea kasi ya biti, yaani kiasi cha data kinachotumika kwa kila sekunde. Baiti bilioni 4.7 ni biti bilioni 37.6. Zikigawanywa kwa saa 2, yaani sekunde 7,200, hupatikana takriban megabiti 5.2 kwa sekunde. Ukitoa sauti na akiba kidogo, picha inabaki na karibu 4.8, kiwango kinachofaa kwa video nyingi. Kwa saa 3 jumla ni takriban 3.5, na hapo miraba huanza kuonekana kwenye mavazi yanayometameta na taa za ukumbini. Kwa saa 5 ni karibu 2.1.

Kwa video fupi hesabu hugeuka. Saa 1 ingeweza kupata zaidi ya megabiti 10, lakini kanuni za DVD hazikubali picha ipite 9.8, wala jumla yake na sauti ipite 10.08. Zaidi ya hapo, deki nyingi hukwama zinaposoma diski ya kuchomwa yenye kasi kubwa. Ni salama zaidi kutozidi 8.

Programu nzuri huwa na chaguo la kubana kwa mizunguko miwili. Katika mzunguko wa kwanza huipima video yote. Katika wa pili huzipa biti nyingi sehemu zenye mwendo na biti chache sehemu tulivu. Muda wa kazi hukaribia kuwa mara mbili, lakini katika video ndefu tofauti huonekana wazi.

Video ya VHS hula biti kuliko inavyodhaniwa. Chengachenga za kanda ya zamani hubadilika kila fremu, na programu, isiyojua kuwa ni uchafu, hujitahidi kuzihifadhi zote kama vile ni mwendo. Kuzipunguza kidogo kwa kichujio kabla ya kubana huacha biti nyingi kwa ajili ya nyuso. Kuna pia njia ambayo watu huisahau: DVD inaruhusu picha ya nukta 352 kwa 576. Kwa kuwa VHS yenyewe haitoi zaidi ya mistari 240 hivi ya upana, nusu hiyo ya nukta inaitosha, na saa 3 za kanda zinaweza kuingia kwenye diski moja bila miraba mingi.

Sauti

Sauti ya DVD huwa na sampuli 48,000 kwa sekunde. Wimbo uliotolewa kwenye CD una 44,100, na ni lazima ugeuzwe. Programu nyingi hufanya hivyo zenyewe. MP3 haikubaliki. Kinachotumika mara nyingi ni AC-3 kwa kilobiti 192 kwa sekunde, au sauti isiyobanwa ya PCM, ambayo hula zaidi ya megabiti 1.5 kwa sekunde na hivyo hufaa video fupi tu.

Kuweka wimbo wa msanii chini ya picha za familia kwa ajili ya kuuza diski au kuitoa hadharani ni suala la hakimiliki. Tanzania linasimamiwa na COSOTA na Kenya na KECOBO.

Menyu na sura

Menyu ni picha, tuli au yenye mwendo, ambayo juu yake huwekwa tabaka jembamba la kuonyesha kitufe kilichochaguliwa. Tabaka hilo lina rangi 4 tu, ndiyo maana vitufe vya DVD havina vivuli laini kama vya tovuti. Maandishi yasisogezwe karibu na kingo. Nafasi ya asilimia 10 kila upande inatosha kwa televisheni za zamani zinazokata picha. Herufi ziwe kubwa, kwani menyu hutengenezwa na mtu aliyekaa nusu mita kutoka kwenye kioo, na hutazamwa na bibi aliyekaa mita tatu.

Mtazamaji ana rimoti tu, hana kipanya. Kwa kila kitufe mwandaaji huamua mshale wa juu, chini, kulia na kushoto unakwenda wapi. Programu hupanga zenyewe, lakini vitufe vikikaa ovyo mshale huruka pasipotarajiwa. Lazima pia kuamuliwa kinachotokea filamu inapoisha: isiporudishwa kwenye menyu, deki husimama tu. Kwa diski ya kumbukumbu, sura zinazopewa majina ya matukio, kama vile ndoa, chakula na nasaha za wazee, zinasaidia kuliko sura zilizokatwa kila baada ya dakika 5.

Kuchoma

Programu nyingi zinaweza kutoa faili moja la ISO badala ya kuchoma papo hapo. Ni vizuri kufanya hivyo, kulicheza faili hilo kwa VLC, kubonyeza kila kitufe, ndipo kuchoma. Deki za zamani kwa kawaida hazisumbui kwa DVD-R kuliko kwa aina za kufutika. Kasi ya kuchoma iwe ya wastani, na diski ifungwe mwishoni, kwani isiyofungwa husomeka mara nyingi kwenye kifaa kilichoichoma tu. Data huandikwa kutoka katikati kuelekea nje, na ukingo wa nje ndio unaoshikwa na vidole. Diski iliyojazwa hadi mwisho mara nyingi hukwama dakika za mwisho za filamu. Megabaiti 200 zikiachwa tupu si hasara.

Stika ya karatasi ikibandikwa kando kidogo huyumbisha diski inapozunguka, na joto huikunja. Kalamu ya wino laini isiyo na ncha kali inatosha kuandika jina na tarehe.

Kutunza na kuhamisha

Diski ya kuchomwa si sawa na diski ya dukani iliyochapwa kiwandani. Data zake zimeandikwa kwenye rangi ya kikemikali inayofifia kwa jua na joto. Iliyoachwa juu ya dashibodi ya gari inaweza kuharibika mapema sana. Familia inayotegemea diski moja iitengenezee nakala ingali inasomeka. Diski ya nyumbani isiyofungiwa hunakiliwa kwa kuivuta folda ya VIDEO_TS nzima hadi kwenye diski ngumu. Mafaili ya VOB yanaweza kisha kuunganishwa na kuwekwa kwenye faili moja la MKV kwa MakeMKV bila kubanwa upya, hivyo picha hubaki ileile iliyokuwa kwenye diski. Kama kanda au faili la awali bado lipo, ni bora kuanzia huko, maana kilichopotea wakati wa kubana kwa MPEG-2 hakirudi.